Ua wa Mita 40: Kueleza Mlinganyo wa Kipeo cha Pili kwa Kiswahili

Utangulizi

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Nyangwe, kando ya mto Lualaba, upande wa Kasongo katika jimbo la Maniema. Mdogo wangu alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ambao kwetu Kongo huitwa Exetat. Jioni moja nilimkuta ameinamia daftari, anafuta. Alikuwa ameandika x² − 20x + 125 = 0, akakokotoa delta, akapata −100, akafuta. Akaanza upya, akapata −100 ile ile, akafuta tena. Mara ya tatu karatasi ilitoboka.

"Yaya," akaniita, "delta inatoka tu negatifu. Nimekosa wapi?"

Niliikagua hesabu yake mstari kwa mstari. Hakuwa amekosa popote. Nilimwuliza delta ni kitu gani, naye akanikariria kanuni yake kwa Kifaransa, bila kusita hata kidogo. Nilipomwuliza kanuni hiyo inasema nini, alinyamaza. Nikataka kumweleza mimi kwa Kiswahili, na hapo nami nikanyamaza. Nilifaulu somo hilo miaka michache iliyopita, na sasa nasoma lugha katika kitivo hiki; hata hivyo sikuwa na sentensi moja ya Kiswahili ya kumpa mdogo wangu.

Makala haya yanatokana na siku zilizofuata. Yanaeleza namna ya kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili na kuuchorea grafu, kwa njia tuliyoitafuta pamoja, mimi na yeye. Hoja yangu ni moja: mwanafunzi anayeweza kuandika kanuni lakini hawezi kuisema kwa sentensi yake mwenyewe hajaimiliki bado, na siku kanuni itakapompa jibu asilolitarajia, atalifuta.

Hali ya lugha darasani

Msomaji asidhani tatizo hili ni la Nyangwe peke yake. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Shuleni, lugha za taifa hutumika katika madarasa ya mwanzo. Kisha Kifaransa huchukua nafasi, na hisabati yote ya sekondari hufundishwa kwa Kifaransa. Kwa jirani zetu Watanzania, mtoto husoma hesabu za msingi kwa Kiswahili katika shule za serikali, lakini akiingia sekondari hukutana na mlinganyo wa kipeo cha pili kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wa Kasongo na mtoto wa Kigoma, ambao wangeelewana vizuri wakikutana sokoni, hukutana na x² kila mmoja katika lugha ya kigeni.

Siandiki ili kudai lugha ya mtihani ibadilishwe kesho. Naandika kwa sababu mdogo wangu alikuwa na mtihani mwaka huu.

Ua na eneo

Tulianza kwa kutafuta kisa kinachoweza kuubeba mlinganyo ule. Mama analima bustani ya mboga karibu na mto, na adui yake mkubwa ni mbuzi. Tukachukulia kwamba tuna fito za kutosha ua wa mita 40, na kwamba ukingo wa mto umenyooka. Bustani itakuwa ya pembe nne. Upande wa mto hauhitaji ua, kwa maana mbuzi hatatoka majini. Hivyo ua utafunika pande tatu tu: pande mbili zinazotoka mtoni kwenda bara, na upande mmoja unaoziunganisha.

Tuite urefu wa kila upande unaotoka mtoni x. Pande hizo mbili zitakula mita 2x. Zinazobaki kwa upande wa tatu ni 40 − 2x. Eneo la bustani basi ni x(40 − 2x), yaani 40x − 2x².

Hapa ndipo kipeo cha pili kinapozaliwa, na ni vizuri mwanafunzi akione kikizaliwa. Urefu peke yake hautoi x². Inatokea kwa sababu x imezidishwa kwa kitu ambacho ndani yake mna x nyingine. Ukiongeza x, upande mmoja wa bustani unarefuka, na wakati huo huo upande mwingine unafupika, kwa kuwa fito ni zile zile. Faida na hasara zinakwenda pamoja.

Nilimwomba mdogo wangu ajaze hesabu kabla ya kuchora chochote. x ikiwa mita 2, eneo ni mita za mraba 72. Ikiwa 5, eneo ni 150. Ikiwa 8, ni 192. Ikiwa 10, ni 200. Ikiwa 12, ni 192. Ikiwa 15, ni 150. Ikiwa 18, ni 72. Alipofika 12 alisimama, akarudi kutazama 8. Alipofika 15 hakuzidisha tena. Alisema jibu kabla ya kulikokotoa. Alikuwa amekwisha kuuona ulinganifu, na hakuna aliyekuwa amemtajia neno hilo.

Kuchora grafu

Tulichora kwenye karatasi ya vyumba. Mstari wa mlalo ulibeba x, na mstari wa wima ulibeba eneo. Nukta zile saba, pamoja na mbili za mwisho, yaani x = 0 na x = 20 ambako eneo ni sifuri, ziliungana zikafanya umbo la kilima. Umbo hilo ndilo parabola. Ndiyo njia inayofuatwa na embe ukilirusha kumpa mtu aliye ng'ambo ya kijito: linapanda, linapunguza mwendo, linafika juu, kisha linashuka kwa namna ile ile lilivyopanda.

Mtu hahitaji nukta nyingi ili kuchora parabola. Anahitaji kujua mambo manne.

Kwanza, inafunguka upande gani. Katika ax² + bx + c, tazama a. Ikiwa chini ya sifuri, kama −2 yetu, umbo ni kilima. Ikiwa juu ya sifuri, umbo ni bonde.

Pili, mstari wa ulinganifu uko wapi. Ndio mstari wa wima unaoikata parabola katika nusu mbili zinazofanana kama mtu na kivuli chake kwenye maji. Hupatikana kwa −b/2a. Kwetu a ni −2 na b ni 40, basi ni −40 kugawa kwa −4, yaani 10.

Tatu, kilele, au kitako ikiwa ni bonde. Weka 10 mahali pa x, utapata 200. Hapo ndipo kilima kinapoishia, na hakuna bustani ya ua huu itakayozidi mita za mraba 200.

Nne, c, ambayo huonyesha mahali parabola inapoukata mstari wa wima. Kwetu c ni sifuri, kwa sababu bustani isiyo na upana haina eneo.

Ukishakuwa na hayo, chagua nukta moja au mbili upande wa kushoto wa mstari wa ulinganifu, kisha zihamishie upande wa kulia kwa umbali ule ule.

Kutatua

Kuchora kunaonyesha, kutatua kunatoa namba kamili. Tulijiuliza: tukitaka bustani ya mita za mraba 150, x iwe ngapi? Tunaandika 40x − 2x² = 150. Tukihamisha kila kitu upande mmoja na kugawa kwa −2, tunapata x² − 20x + 75 = 0. Msomaji aangalie jambo moja hapa: kwa kugawa kwa −2, kilima kimepinduliwa kikawa bonde. Grafu imebadilika, lakini majibu ya x hayakubadilika, kwa kuwa namba inayoufanya mlinganyo wa kwanza kuwa kweli inaufanya na wa pili kuwa kweli.

Njia ya kwanza ni ya vigawo. Tafuta namba mbili ambazo jumla yake ni 20 na zao lake ni 75. Ni 5 na 15. Basi (x − 5)(x − 15) = 0. Vitu viwili vikizidishwa vikatoa sifuri, lazima kimoja kiwe sifuri. Kwa hiyo x ni 5 au 15. Njia hii ni nyepesi namba zikikubali, lakini mara nyingi hazikubali.

Njia ya pili ni kukamilisha mraba, nayo ndiyo iliyotufungulia mlango. Andika x² − 20x = −75. Upande wa kushoto unakaribia kuwa mraba wa (x − 10), ila umepungukiwa 100. Ongeza 100 pande zote mbili: (x − 10)² = 25. Namba ambayo mraba wake ni 25 ni 5 au −5. Basi x iko hatua 5 kutoka 10, ama kulia ama kushoto: 15 au 5.

Hapa mdogo wangu aliirudia kanuni yake ya Kifaransa, na safari hii niliweza kumwonyesha inasema nini. Kanuni inasema x = (−b ± √Δ)/2a. Igawe katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, −b/2a, ni mstari wa ulinganifu. Sehemu ya pili, √Δ/2a, ni urefu wa hatua. Kwa Kiswahili ni sentensi moja: simama kwenye mstari wa ulinganifu, kisha piga hatua moja kulia na hatua iliyo sawa nayo kushoto. Katika mfano wetu Δ = b² − 4ac = 400 − 300 = 100. Kipeuo chake ni 10, na 10 kugawa kwa 2 ni 5. Ndiyo hatua ile ile tuliyoipata kwa kukamilisha mraba, kwa maana kanuni si kitu kingine: ni kazi ya kukamilisha mraba iliyofanywa mara moja kwa herufi, ili tusiirudie kila siku.

Delta ikiwa chini ya sifuri

Sasa tuulize maswali matatu kwa ua ule ule.

Tunataka mita za mraba 150. Delta ni 100, iko juu ya sifuri. Hatua inawezekana, majibu ni mawili. Bustani moja ni ya mita 5 kwa 30, imelala kando ya mto. Nyingine ni ya mita 15 kwa 10, imeingia bara. Zote mbili ni bustani za kweli, na mama anaweza kuchagua.

Tunataka mita za mraba 200. Mlinganyo ni x² − 20x + 100 = 0. Delta ni 400 − 400, yaani sifuri. Urefu wa hatua ni sifuri: umesimama kwenye mstari wa ulinganifu na huna pa kwenda. Jibu ni moja tu, mita 10 kwa 20. Uko kileleni.

Tunataka mita za mraba 250. Mlinganyo ni x² − 20x + 125 = 0, na msomaji ataukumbuka. Delta ni 400 − 500 = −100. Tungehitaji hatua ambayo mraba wake ni chini ya sifuri, na hakuna namba tuliyoizoea inayofanya hivyo. Rudi kwenye grafu: chora mstari wa mlalo kwenye 250. Unapita juu ya kilima bila kukigusa. Ua wa mita 40 hautoshi kwa bustani ya pembe nne ya 250, hata uupange vipi.

Mdogo wangu alitazama mstari ule kwa muda. Kisha akauliza kama jibu "hakuna" linaruhusiwa. Kwa swali hilo nilijua kwamba kosa lake halikuwa la hesabu. Alikuwa amefundishika kwamba kila swali la mtihani lina jibu lake la namba, na asiyelipata amekosea. Nilimwambia kwamba mlinganyo umemjibu. Umemwambia ombi halitimiziki, na kuambiwa hivyo kabla ya kukata fito ni faida kubwa. Wanaoendelea na hisabati hukutana baadaye na namba changamano, ambako hata −100 ina kipeuo; lakini namba hizo hazitazunguka bustani ya mama.

Mali na mzizi

Sasa niwageukie wenzangu wa lugha. Tulipokuwa tukitafuta maneno, nililazimika kutenganisha manne yanayopigana: kipeo, kipeuo, mzizi na kilele. Kipeo ni namba ndogo ya juu: katika x², kipeo ni 2. Kipeuo cha pili ni safari ya kurudi: kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Mzizi, katika makala haya, ni thamani ya x inayoufanya mlinganyo kuwa kweli. Kilele ni nukta ya juu ya grafu. Kamusi huruhusu kipeo kiwe na maana ya kilele pia, lakini katika somo hili maana hiyo inachanganya, na ningeshauri tuiache.

Neno mzizi lina historia inayotuhusu. Kifaransa nacho huita jibu la mlinganyo racine, yaani mzizi, na mdogo wangu alidhani ni utani wa Wafaransa. Si wao walioanza. Katika karne ya 9 huko Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupa neno aljebra. Kiasi kisichojulikana alikiita jidhr, maana yake mzizi. Mraba wake alikiita mal, neno lile lile tunalosema sisi: mali. Swali lake mashuhuri ni la mali moja na mizizi kumi ambazo pamoja ni 39, yaani x² + 10x = 39. Alilitatua kwa kukamilisha mraba: nusu ya 10 ni 5, mraba wake 25, ukiujumlisha na 39 ni 64, kipeuo chake 8, toa 5, unabaki na 3. Mdogo wangu aliifuata hesabu hiyo bila shida, kwa sababu ni bustani yetu tena.

Nyangwe ilipata Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu yaliyomo ndani yake, kama hesabu, sita, saba, tisa na ishirini, kutokana na misafara ya karne ya 19. Si historia ya kujivunia. Misafara hiyo ilihesabu pembe za ndovu na watu, na tarehe 15 Julai 1871 watu wa sokoni Nyangwe waliuawa kwa risasi, wengine wakazama Lualaba, Livingstone akishuhudia. Lugha ilibaki, ikawa ya wajukuu wa walionusurika. Sioni sababu ya kuiacha izijue hesabu za misafara tu, isizijue zile za bustani.

Nakiri pia kwamba Kiswahili sanifu hakikunisaidia kila mahali. Nilipotumia chanya na hasi, mdogo wangu hakunielewa. Kwake ni pozitifu na negatifu. Kwa hiyo nilisema juu ya sifuri na chini ya sifuri, kama nilivyoandika hapa, na hapakuwa na tatizo tena. Kwa delta napendekeza tuhifadhi jina lake, kwa kuwa darasani linajulikana, lakini tunapoeleza kazi yake tuiite kibainishi: inabainisha kama majibu ni mawili, moja, au hakuna. Neno zuri la istilahi ni lile linalomwambia mwanafunzi kitu kinafanya nini.

Hitimisho

Kuna mwenzangu aliyesoma rasimu ya makala haya akaniuliza faida yake ni nini, ikiwa mtihani ni wa Kifaransa. Swali ni la haki. Jibu langu ni jinsi tulivyofanya kazi wiki ile ya mwisho: kila mlinganyo mdogo wangu aliusema kwanza kwa Kiswahili, kisha akauandika kwa Kifaransa. Kifaransa chake hakikupungua. Kilipata kitu cha kubeba.

Jioni ya kabla ya kuondoka nilimpa x² − 6x + 10 = 0. Alikokotoa delta, akapata 36 − 40, yaani −4. Kifutio kilikuwa karibu na mkono wake. Hakukigusa. Alichora bonde, akapima kitako chake kikawa kwenye 1, juu ya mstari wa mlalo, akasema: "Bonde haifiki kwa zero, yaya. Hakuna jibu." Kisha akaandika hitimisho lake kwa Kifaransa, kama mtihani unavyotaka.

Matokeo ya Exetat bado hayajatoka ninapoandika. Wakati tunayasubiri, nawaomba wanafunzi wenzangu wa kitivo, kila mmoja aende likizo na mada moja ya sekondari aliyoifaulu kwa lugha ya kigeni, ajaribu kumweleza mdogo wake kwa Kiswahili cha nyumbani, na arudi na orodha ya maneno yaliyomkwamisha. Orodha hizo zikikusanywa, walimu wetu wa istilahi watakuwa na mahali pa kuanzia.